Ukuta wa Neptuni

Thuwaiba Hamood alifundisha fizikia miaka kumi na minne katika shule moja ya sekondari ya Bujumbura, lakini watu wa mtaa wa Jabe walimjua kwa jambo jingine. Kwao alikuwa yule mwanamke aliyechora jua ubavuni mwa duka la baba yake.

Baba yake, mzee Hamood bin Muhanna, aliuza misumari, makufuli, rangi na mabati hatua chache kutoka soko la Jabe. Babu yake Thuwaiba alitoka Omani, akakaa Ujiji, kisha akapanda na ziwa mpaka Bujumbura na hakuondoka tena. Familia ilitaka Thuwaiba aolewe, basi. Akaolewa, na mwaka wa pili mume akafa kwa malaria. Aliporudi nyumbani aliomba jambo moja tu, aachwe asome chuo kikuu. Mzee Hamood alinung'unika miaka yote minne. Siku binti yake alipopata shahada alifunga duka mchana kutwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kwa mazishi ya wateja wake wakubwa.

Mwezi wa tano mwaka 1993 Thuwaiba aliandika ubaoni umbali kutoka duniani hadi kwenye jua: kilomita milioni mia moja na hamsini. Wanafunzi wakanakili. Msichana mmoja aitwaye Houda akanyoosha mkono, akauliza kama hapo ni mbali kuliko Dar es Salaam. Darasa zima likacheka. Thuwaiba hakucheka. Baadaye alieleza kwamba swali lile lilimwaibisha, kwa kuwa aligundua hata yeye hajui. Aliweza kuiandika namba ile, kuizidisha na kuigawanya, lakini umbali wenyewe hakuwahi kuuona popote, hata kichwani.

Likizo ya kiangazi ilipofika akaamua kuuweka umbali huo mahali ambapo mtu anaweza kuutembea. Kipimo chake kilikuwa chepesi: kila kilomita milioni moja iwe mita moja. Kwa kipimo hicho jua lenyewe ni duara la mita moja na sentimita arobaini. Akalichora kwa rangi ya manjano kwenye ukuta wa duka, mzee Hamood akiwa amemshikia ngazi na kulalamika kwamba rangi ile ndiyo inayouzika kuliko zote. Dunia ikawa doa la buluu lisilozidi goroli, mita mia moja na hamsini kutoka hapo, kwenye ukuta wa kinyozi. Alipima kwa gurudumu la baiskeli: alilifunga kitambaa chekundu, akalisukuma barabarani na kuhesabu mizunguko. Watu walimfuata wakidhani ameibiwa baiskeli.

Mzee Hamood alipenda kwamba majina mengi ya sayari alikuwa nayo tangu utoto: Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Mushtarii iliangukia kwenye ukuta wa fundi wa matairi. Zohali, mita elfu moja na mia nne na thelathini, iliangukia kwenye ghala moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na mlinzi wa ghala akakubali baada ya kuhakikishiwa kwamba halitakuwa tangazo la dini wala la chama. Sayari ya mwisho aliyoichora, Neptuni, ilidai mita elfu nne na mia tano. Thuwaiba angeweza kuielekeza upande wowote, akachagua Gihosha, maana wanafunzi wake wengi walikuwa wakikaa huko. Chini ya kila duara aliandika jina la sayari na idadi ya mita.

Pale gurudumu lilipokoma Gihosha palikuwa na nyumba yenye ukuta mrefu unaotazama barabara. Mwenyewe aliitwa Ildephonse. Alikuwa amestaafu posta, ambako alichambua barua miaka thelathini, na alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Nyumba tatu za jirani zilikuwa zimekataa. Ildephonse alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama na fimbo yake, kisha akauliza kwa nini sayari ya kwake imewekwa peke yake, mbali na wenzake.

"Ndivyo iko, mzee," Thuwaiba alimjibu. "Sikuiweka mi."

Akauliza nuru ya jua inachukua muda gani kufika hapo. Thuwaiba akamwambia kwamba kwa kipimo hiki nuru inakwenda sentimita thelathini kwa sekunde, kama mtoto anayetambaa, kwa hiyo ikitoka Jabe itafika ukutani kwake baada ya saa nne na dakika kumi. Ildephonse akatazama mguu wake, akasema yeye huenda Jabe kwa saa mbili na nusu. Basi mzee unaishinda nuru, Thuwaiba akamwambia. Tangu siku hiyo mzee alimwambia kila mpita njia kwamba yeye, na mguu wake mbovu, anakwenda haraka kuliko nuru, na asiyeamini akaribie aelezwe. Mke wake, ambaye wote walimwita Mama Télesphore kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alisema mumewe amepata kazi mpya isiyokuwa na mshahara.

Mwezi wa tisa, shule ilipofunguliwa, Thuwaiba aliwaongoza wanafunzi arobaini na mmoja kutoka jua hadi Neptuni. Mpaka Mirihi walikuwa wanapiga kelele na kusukumana, kwa kuwa sayari nne za kwanza zimekaribiana na ilionekana kazi itakwisha mara moja. Baada ya Mushtarii wakanyamaza kidogo. Walipovuka daraja la Ntahangwa wengine walianza kuuliza kama madamu amekosea hesabu. Kutoka sayari moja hadi nyingine hapakuwa na kitu: nyumba, mitaro, watu na shughuli zao, na katika hesabu ya Thuwaiba vyote hivyo vilikuwa utupu. Gihosha walimkuta Ildephonse amevaa koti la kazini na kutoa viti vyote vya nyumba nje.

Thuwaiba aliwageuza wanafunzi waangalie walikotoka. Akawaambia kwamba jua ni lile duara la manjano ambalo wameliacha zaidi ya saa moja iliyopita na hawalioni tena, na ya kwamba kila mtu waliyewahi kumjua au kumsikia ameishi kwenye lile doa lililo karibu nalo. Kisha akawauliza nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua wanadhani watembee mpaka wapi. Wakasema Kayanza. Wakasema Kigali. Houda akasema Dar es Salaam, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mutatembea kilomita elfu arobaini," Thuwaiba akasema. "Mutazunguka dunia yote, hii ya kweli, murudi tena Jabe mukitokea upande mwingine. Hapo ndipo iko nyota ya karibu."

Kijana mmoja akakaa chini barabarani. Hakuwa amechoka, alisema, ila alitaka kushika ardhi. Mama Télesphore akawapa maji, na Thuwaiba alirudi Jabe na furaha ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuipata tena maishani.

Hiyo ilikuwa Septemba. Oktoba rais akauawa, na vita vikaanza.

Safari ile haikurudiwa. Mwaka uliofuata mji ulikuwa umekatwa vipande, na barabara aliyoipima kwa baiskeli ikawa na vizuizi ambavyo vijana walivisimamia kwa mapanga na magurunedi, kila mtaa na vijana wake. Daraja la Ntahangwa, ambalo watoto walilivuka wakilalamikia hesabu, likawa mahali pa kuulizwa unatoka wapi na baba yako ni nani. Wanafunzi arobaini na mmoja wakawa ishirini na sita, baadaye kumi na saba. Wengine walihamia mitaa ambamo hawakuweza kutoka, wengine walivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, na wengine Thuwaiba aliambiwa habari zao na mtu aliyekuwa akitazama chini. Kijana yule aliyekaa barabarani alikuwa mmoja wa hao. Houda alihamishiwa Kigoma na wazazi wake.

Thuwaiba aliendelea kufundisha. Watu wa familia yake, kwa asili yao ya Omani, hawakuhesabiwa upande wowote wa vita, na kwa sababu hiyo aliweza kupita mahali ambapo walimu wenzake hawakuthubutu; alijua bahati hiyo haikuwa haki na hakuizungumzia. Duara la ghala la Zone Industrielle lilifutika kwa moshi. Kinyozi alikimbia na duka lake likavunjwa, na Dunia ikaanguka pamoja na ukuta. Mzee Hamood aliliacha jua lichakae, akisema si wakati wa kuonekana na rangi mpya.

Neptuni ilibaki. Kila kiangazi Ildephonse alinunua kopo dogo la buluu, au alitumiwa na Thuwaiba barabara zilipopitika, akalipaka upya duara lake na kuzikoleza tarakimu chini yake. Wanawe walikuwa wametawanyika, Télesphore mwenyewe yuko kambi ya wakimbizi Tanzania. Mzee alikaa nje na kiti chake. Thuwaiba alipofika kumsalimu, mara moja au mbili kwa mwaka, alimkuta na hesabu mpya aliyoibuni mwenyewe kutokana na barua: barua ya Brussels ingekaa wapi kwenye kipimo hiki, na ingehitaji bahasha ndogo namna gani. Alikuwa amejaza daftari zima. Kwa Thuwaiba, huyo ndiye mwanafunzi pekee aliyemwelewa mpaka mwisho.

Mwaka 2003 makombora ya waasi yalianza kuanguka mjini kutoka milimani. Siku moja mawili yalianguka Gihosha asubuhi, la kwanza kwenye shamba la mihogo, la pili kwenye nyumba iliyokuwa na watu. Mchana wakaja wenye sare kupekua mtaa. Barabarani wakakuta ukuta wenye duara la buluu, na chini yake namba 4500, na neno ambalo hawakulijua. Rangi ilikuwa mbichi. Ildephonse alikuwa ameipaka juma lile.

Walimchukua pale pale, na daftari lake.

Siku ya pili Mama Télesphore alishuka kwa miguu mpaka Jabe. Hakulia dukani. Alimweleza Thuwaiba yaliyotokea kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi, akasema wale watu walidai kwamba namba ile ni ya kuwasaidia wapigaji wa makombora kujua umbali wa mji. Kisha akauliza kama madamu hawezi kwenda kuwafundisha na wao, kama alivyowafundisha watoto.

Mzee Hamood, aliyekuwa nyuma ya kaunta, alingoja mgeni apewe chai ndani. Akamshika binti yake mkono.

"Wakikuuliza ni nani ameandika, utasema nini?"

"Nitasema ni mi, Baba."

"Basi usiende. Huyo mzee Mungu atamusimamia. We hautarudi."

Thuwaiba alikwenda. Alivaa vizuri, akachukua cheti chake cha ualimu, kitabu cha mwaka wa nne na goroli moja. Katika kambi ya jeshi alingojeshwa mpaka alasiri. Kamanda aliyempokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, na aliongea naye kwa adabu. Thuwaiba akampa somo lote. Aliiweka goroli juu ya meza, akamwonyesha mlango, uwanja, mlingoti wa bendera, akampimia jua lingekuwa wapi na sayari nyingine wapi. Kamanda hakumkatiza. Kuna wakati alitabasamu. Alipofikishwa kwenye nyota ya karibu, ile ya kuzunguka dunia yote na kurudi, aliitazama goroli kwa muda mrefu.

"Nimeelewa, Madamu," akasema. "Sisi tulifundishwa kukariri tu. Hakuna mutu alinieleza hivi."

"Basi mumwachilie mzee."

Kamanda akauliza kama kutoka soko la Jabe mpaka ukuta ule ni mita elfu nne na mia tano kweli. Thuwaiba akasema ni kweli kwa barabara, alipima kwa gurudumu. Ndipo alipotambua alichokuwa akikisema, akasogea mbele. Barabara ina kona, akaeleza haraka. Kwa mstari ulionyooka ni pungufu sana, haifiki hata elfu nne. Kombora halifuati kona za barabara. Mtu mwenye mzinga akiitumia namba ile atakosea, na tena aliye mlimani hayuko ukutani; namba ile haimsaidii kwa lolote. Akaomba karatasi, akachora. Mchoro ulikuwa sahihi, na kamanda aliufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Ni kweli," akasema. "Hiyo namba haifai kitu."

Akafungua saraka ya meza, akatoa daftari la Ildephonse na kuliweka mbele ya Thuwaiba.

"Tulimuuliza ni nani aliandika ukutani. Alisema ni yeye. Wakamuuliza tena, kwa namna ingine. Akasema ni yeye, na brashi iko kwake nyumbani. Walienda, wakaikuta." Aliongea taratibu, bila ukali. "Jina lako hakulitaja, Madamu. Angelitaja, tungekuita, ungetueleza hivi umenieleza, na mzee angekuwa kwake."

Thuwaiba akauliza yuko wapi. Kamanda akajibu kwamba hapo hayuko tena. Alipouliza mara ya pili, kamanda alisimama, akamrudishia goroli yake, akasema aende akafute alama zote zilizobaki, siku hiyo hiyo, kabla hazijamletea mtu mwingine matatizo. Akamfungulia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo Thuwaiba alipanda Gihosha na ndoo ya chokaa kutoka dukani kwa baba yake. Tabaka la kwanza buluu ilitokeza, kwa kuwa mzee alikuwa ameirudia miaka kumi. Alipaka la pili, na la tatu. Majirani walitazama kutoka madirishani. Mama Télesphore alitoka akasimama nyuma yake mpaka alipomaliza. Thuwaiba alimweleza alivyosema kamanda, yote, pamoja na habari ya jina lake kutotajwa. Hakutaka kuificha.

Mama Télesphore akasema, kwa sauti ya kawaida tu:

"We ndiye unajua kupima mbali. Basi nipimie. Yeye ameenda mbali gani?"

Mama Télesphore akachukua brashi mkononi mwa Thuwaiba, akaiosha, akamrudishia, akaingia ndani na kufunga mlango. Hawakuongea tena. Thuwaiba alipita pale mara nyingi, alipeleka mchele na sukari, alipeleka daftari. Vitu vilipokewa na jirani. Maiti ya Ildephonse haikuonekana, na jina lake halikuandikwa popote ambapo Thuwaiba aliuliza, na aliuliza mahali pengi.

Mwisho wa mwaka ule makubaliano yalitiwa saini na watu wakaanza kuvuka mji tena. Redio zilisema vita vimeua watu laki tatu. Zilisema hivyo kila siku, katikati ya bei ya maharage na matokeo ya mpira. Siku moja mwaka 2004, wanafunzi wa Thuwaiba, ambao walikuwa wamesikia kwa kaka zao habari za matembezi ya zamani, walimwomba awafanyie somo kama lile. Hawakutaka sayari. Walitaka awaonyeshe laki tatu ni kitu gani.

Darasa lilimtazama na yeye akatazama dirishani. Hesabu ilikuwa tayari kichwani mwake, aliifanya siku ya kwanza alipoisikia namba: ukitaja jina la kila mmoja, sekunde tano jina moja, mchana na usiku bila kulala, utamaliza baada ya siku kumi na saba na saa chache. Na katika siku hizo zote Ildephonse asingetajwa, kwa sababu hayumo katika orodha ya mtu yeyote.

"Hilo sitafanya," akasema. Akawaambia wafungue kitabu ukurasa wa sitini na mbili.

Direkta, mkuu wa shule, alimsifu mwezi ule kwa kuufuata mtaala. Thuwaiba alimaliza mwaka wa shule, akaandika barua ya kuacha kazi, na hakutoa sababu. Alipoulizwa na wenzake alijibu kwamba baba amezeeka na duka linahitaji mtu, na hilo pia lilikuwa kweli.

Mwaka 2005 wateja wa Jabe walimkuta nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwepesi wa kupata kufuli linalofaa. Mji ulikuwa unajengwa upya na kila mtu alitaka mabati. Mara kwa mara aliingia mzazi akamkumbusha kwamba alimfundisha mwanawe, na ya kwamba mwanawe alikuwa akisimulia jinsi walivyotembea mpaka Neptuni. Thuwaiba alimuuliza kama mtoto huyo yuko hai. Akiambiwa ndiyo, alishukuru Mungu, kisha akamuuliza mzazi anataka misumari ya inchi ngapi.